Mtoto Aliyebaki Tumboni mwa Samaki

Watu husema mgeni njoo, mwenyeji apone. Mimi Eunice nasema mgeni njoo, mwenyeji afunge mlango, hasa mgeni anayefika Lituhi na sukari mkononi kabla hajaulizwa habari za safari.

Huyu alijiita Abdulazizi, katoka Dar es Salaam, eti anaandika historia ya jarida la kimataifa la hadithi za watoto. Toleo lake la kwanza, la miaka sitini iliyopita, lina hadithi ya kwetu ya mtoto aliyemezwa na samaki. Chini wameandika, "Msimulizi: msichana wa Ziwa Nyasa."

Msichana mwenyewe ni bibi yangu, yule pale anayeanua usipa, dagaa wetu wa ziwani. Hadithi aliachiwa na mama yake, na hana kingine anachojivunia.

"Shikamoo Bibi," Abdulazizi akasema, simu tayari inarekodi.

"Marahaba."

Akauliza mwaka hadithi ilipochukuliwa. Akauliza yule mama wa Kizungu aliyekuja kuiandika alifikia kwa nani. Jina la Bibi hakuuliza. Nikajisemea, haya, walichukua hadithi bila jina lake, leo wamefuata na sauti. Roho iliniuma.

"Inaishia pabaya," akasema. "Mtoto anabaki tumboni. Ndivyo ilivyo?"

Bibi akacheka. "Yule mama nilimpikia, akakataa kula. Asiyekula kwangu simmalizii hadithi."

Nikapakua ugali wa muhogo na usipa, nikakaa mbele ya mgeni kumchunga. Kusema kweli nilitaka akatae, nimfukuze kwa haki. Akanawa, akala, akaomba ugali mwingine.

Ndipo Bibi akaimalizia hadithi. "Mama wa mtoto alizunguka ufukweni akiita, 'Mwanangu, mwanangu.' Samaki akatulia tu. Kila mtoto ni mwana wa mtu, atajuaje anayeitwa ni yupi? Mama alipoita jina la mtoto na la baba yake, samaki akamtema mchangani, mzima."

Abdulazizi akaacha kutafuna. Akaitazama simu yake, kisha akamtazama Bibi.

"Kumbe miaka yote hii watoto wa watu wanaisoma na kulia bure," Bibi akasema. "Masikini."

"Bibi," akasema taratibu, "nisamehe. Jina lako nani?"

"Gertruda binti Othmar."

"Rudia kwa sauti," nikamwambia Abdulazizi, si Bibi.

Akarudia, simu ikasikia. Nikamwongezea mboga.