Viatu Mlangoni pa Mwalimu

Tangu asubuhi Mama Mshonaji hakukaa akatulia. Kwenye benchi la mahakama alihamia upande huu, akarudi ule, akafunga kilemba, akakifungua, mpaka aliyekaa naye akamuuliza kama kuna siafu. Ungemlaumu? Mwanawe wa pekee alikuwa anahukumiwa, na wakili alikuwa amemnong'oneza: "Mama, hakimu akikubali kwamba pombe ilimpoteza kabisa, kifungo kinaweza kuwa chepesi."

Mtaani kijana walimwita Injini, maana haendi bila kutiwa mafuta, na mafuta yenyewe mnayajua. Alivunja nyumba ya mwalimu mstaafu, akazoa simu na redio, na mzee alipoamka akamtwanga nondo, mkono ukavunjika. Kisha akatimka peku. Polisi walivikuta viatu vyake mlangoni, vimewekwa sambamba kama vya mgeni mwenye adabu. Hayo yote alikwisha kuyakiri, na iliyobaki ilikuwa adhabu tu.

Wakili akavinyanyua viatu vile kwa ncha za vidole. "Mheshimiwa, mwizi gani anavua viatu? Huyu alikuwa chakari. Alidhani amefika kwao!"

Watu wakaguna. Aa, hapo wakili kapatia, alijisemea Mama Mshonaji, akakikaza kilemba kwa matumaini.

Hakimu, mwanamke mtu mzima asiye na haraka, akamgeukia. "Mama, kwani akirudi nyumbani amelewa, huvua viatu mlangoni?"

Lo! Swali lilimtonesha kidonda. Vitambaa vyake yeye hukatia sakafuni, na miaka nenda miaka rudi ugomvi wa nyumba ile ulikuwa huo huo wa viatu. Akamjibu hakimu kama anavyowajibu mashoga zake kibarazani.

"Avue? Mheshimiwa, usinichekeshe! Akilewa huyu anaupiga mlango teke, anapita na matope yake juu ya kazi za watu mpaka kitandani! Gauni zima la bibi harusi nimelishona upya kwa sababu yake. Viatu anavua kwa watu tu!"

Wakili akafumba macho. Ndipo na Mama Mshonaji mwenyewe akasikia alichokisema.

"Siyo hivyo, Mheshimiwa, nilitaka kusema kwamba..." Akakifungua kilemba tena.

"Basi alijua vizuri kwamba hayupo kwao," hakimu alisema, akiandika. "Na viatu alivivua ili asisikike."

Alimpa miaka kumi. Mwalimu, mkono wake ukiwa bado hauinuki, hakushangilia. Aliinamisha kichwa tu.

Injini akapitishwa mbele ya benchi kuelekea mlango wa nyuma. Hakufoka, hakutukana. "Mama," alisema, "hata wewe?" Askari akamsukuma mbele, mlango ukafungwa.

Mama Mshonaji aliangua kilio, wanawake wakamshika huku na huku. "Pole dada, hukukusudia." "Jikaze, mwenzetu, miaka inapita." Akaitikia kwa kichwa. Uchungu wa mwana alikuwa nao, na nani asingekuwa nao? Ila kilichomliza zaidi, ambacho hakumwambia hata mmoja wao, ni kwamba mlango ule ulipofungwa, wazo la kwanza lililomjia lilikuwa: leo nitalala.