Uso ni Mikwaruzo

Nyuso kumi na mbili zilipotea asubuhi moja, na aliyezifuta ni mimi.

Nilikuwa nimechuchumaa uani kwetu, Malindi, mkebe wa rangi ya kupuliza mkononi. Mbele yangu palikuwa na ubao, na juu ya ubao sanamu kumi na mbili za wanawake, kila moja ina urefu wa kidole changu cha mwisho. Nilipuliza kwa furaha ya mtu aliyeingoja siku hiyo kwa wiki nzima. Ukungu wa kijivu ulipotulia nikainama nitazame. Macho hayakuwapo. Pua zilikuwa vijiwe. Mikunjo ya leso viunoni ilikuwa imefunikwa, laini kama sabuni iliyotumika.

Nilikaa chini palepale kwenye saruji.

Wakati huo kazi yangu ilikuwa kuandika mabango ya vinyozi na mabucha. Sikuwahi kupaka rangi kitu kidogo kuliko herufi. Lakini wiki iliyotangulia Mama Kasiva alikuja kutoka Marereni na sanduku la viatu mapajani. Alikuwa amefanya kazi ya chumvi miaka ishirini na miwili, na ndiye aliyekuwa katibu wa kikundi cha wanawake wa huko. Kulikuwa na maonyesho ya kazi za mikono yanakuja mjini, nao walitaka kuonyesha shamba lao la chumvi, likiwa na watu wao wenyewe. Fundi mmoja wa Mombasa aliwapiga picha pande zote, mmoja mmoja, kisha akawatoa kwa mashine ya kuchapa sanamu, plastiki tupu, watu sitini. Baada ya hapo alihamia ng'ambo na mashine yake, nao wakabaki bila rangi.

"Sitaki watu wa kufanana," Mama Kasiva aliniambia. "Kila mtu ajijue."

Alinionyesha yeye mwenyewe ni yupi: aliyeinama na reki, kilemba kimelegea upande mmoja. Nilimshika kati ya vidole viwili, nikamsogeza kwenye mwanga. Hata mshipa wa shingo ulionekana.

Naye alikuwa miongoni mwa wale kumi na mbili.

Nilimpigia simu kabla ya kunywa hata maji. Nilijua nikichelewa nitatafuta uongo.

"Shikamoo mama. Nimeharibu."

"Marahaba. Umeharibu wangapi?"

"Kumi na wawili."

"Na mimi nimo?"

"Umo."

Nyuma yake nilisikia upepo na watu wakiitana. Kisha akacheka, kicheko kifupi cha mtu aliyechoka.

"Basi anza na mimi kutengeneza. Nikiharibika tena, hakuna atakayelia."

Nilimfunga kwenye kitambaa, nikaenda naye na ule mkebe dukani kwa Gerishom. Gerishom ni mtu wa Vihiga aliyekuja pwani kuuza rangi kwa miezi mitatu, na mwaka ule alikuwa anatimiza wa tisa. Aliichukua sanamu, akaugeuza mkebe wangu, akausoma.

"Dada Mahira, hii ni praima ya magari, rangi ya chini ya kutangulia. Imefanywa nzito kusudi. Kazi yake ni kuziba mikwaruzo."

Nilimwangalia yule mwanamke asiye na macho kiganjani mwake. Jicho, mdomo, mkunjo wa leso: kwenye kitu kidogo namna hiyo, vyote ni mikwaruzo. Mkebe ulikuwa umefanya kazi yake barabara. Aliyekosea ni mimi niliyeuchagua.

"Inatoka?" nikauliza.

"Jaribu spiriti na mswaki laini. Usiiache muda mrefu, plastiki italegea."

Nilisugua mchana kutwa. Wa kwanza kurudi alikuwa Mama Kasiva. Kwanza mwanzi wa pua, halafu jicho moja, halafu la pili, nami nikapiga vigelegele peke yangu hadi jirani akachungulia juu ya ukuta akidhani kuna posa. Kumi na mmoja walirudi wazima. Wa kumi na mbili, Bi Sanga, alibaki na shavu bovu, nikalichonga upya kwa sindano nikitazama picha yake.

Kesho yake nilirudi dukani na vijiko vya plastiki. Juu ya kila kijiko nilikuwa nimeandika jina langu kwa ncha ya sindano, herufi nyembamba kama unywele. Gerishom alifungua mikebe aliyokuwa nayo na tukapuliza nyuma ya duka, kijiko kwa kijiko. Praima ambayo ingeacha jina langu lisomeke ndiyo ingefaa. Tuliyoikaribisha sana ililowesha jina. Tuliyoisogeza mbali mno ilikaukia hewani, ikatua kama mchanga. Shibiri moja na nusu, hapo ndipo. Mkono uanze kupita kabla ya kijiko na usisimame mpaka ukipite. Na tungoje saa nne, umande ukishakauka, upepo wa bahari haujaamka.

Nyeupe ilisomeka vizuri. Nyeusi pia. Gerishom alikuwa ameshaiweka nyeupe kwenye mfuko.

"Na ile?" Nilionyesha rafu ya chini.

"Ile ni ya mageti, dada. Rangi ya kutu. Ya kuzuia vyuma visiliwe."

"Puliza."

Alipuliza huku akitikisa kichwa. Ilitua nyembamba kuliko zote. Ilipokauka nilikwaruza kwa ukucha, haikubanduka. Jina langu lilisomeka hadi nukta. Lakini si hilo lililonifanya nimshike Gerishom mkono. Ile nyekundu iliyoiva, ya udongo, ilikuwa rangi ya mkono wangu uliomshika, na wa kwake, na wa kila mwanamke kwenye lile sanduku. Kwenye nyeupe ningelazimika kuwatengenezea ngozi. Hapa walikuwa nayo tayari.

Tulikimbia, kweli tulikimbia, hadi kwetu. Gerishom aliacha duka limefungwa. Nilimtanguliza Mama Kasiva kama alivyotaka. Nilitikisa mkebe dakika mbili, gololi ikigonga ndani. Nikapitisha mara moja. Mara mbili. Tukangoja ikauke, kisha nikachukua ile nyeupe na kumpulizia vumbi dogo kutoka juu tu, pale ambapo jua la Marereni lingempiga.

Mabega yakawaka. Kilemba kikawaka. Chini ya mikono na ndani ya mikunjo ya leso kivuli kikabaki. Alisimama mbele yetu mtu anayefanya kazi juani, na brashi ilikuwa haijamgusa bado.

"Lo!" alisema Gerishom. "Huyu anatoa jasho."

Nilikuwa na siku kumi na moja kabla ya maonyesho. Nilizitumia zote, nikila nimesimama, nikiota leso na reki.

Ni miaka minne sasa. Leo sanamu ndogo ndizo kazi yangu, na mabango nimemwachia binamu yangu Zuhair. Lakini ninapoulizwa ilianzia wapi, naiona ile asubuhi ya maonyesho, wanawake wa Marereni wameizunguka meza yenye shamba lao la chumvi, wakijitafuta na kuonyeshana kwa vidole. "Mimi huyu! Tazama, na ndoo yangu iliyopasuka!" Bi Sanga alijijua mara moja. Shavu lake hakulitaja.

Mama Kasiva hakupiga kelele. Alijiona, kisha akazunguka meza polepole, akasimama upande wa nyuma. Alikaa hapo muda mrefu nikaanza kuogopa.

"Mama, kuna kosa?"

"Hapana, mwanangu." Hakuondoa macho. "Ni huu mgongo. Miaka yote hii sijawahi kuuona."

Akatoa simu, akampigia kwa video binti yake wa Matsangoni, na alipoitikiwa aliigeuza ielekee mezani, akaishika kwa mikono miwili isitikisike.