Boriti Zilipoishia

Haya kanisimulia Tabu mwenyewe, Jumatatu ya juzi, tunachambua mchicha barazani kwangu hapa Chang'ombe.

Tabu anapiga deki shule ya masista, mwaka wa kumi na tisa sasa. Lile jengo lao la zamani ni la ghorofa moja, mawe ya matumbawe na chokaa, madarasa membamba kama ujia. Watu huuliza, wazungu waliolijenga walikuwa na uchoyo gani? Wala si uchoyo. Marehemu Mwinjuma, baba yake Tabu, alitwanga chokaa pale akiwa kijana, na alikuwaga akisema: padri alitaka darasa pana, mafundi wakamwambia, boriti za Rufiji urefu wake ndio huu, zinapoishia lazima ukuta uzipokee. Padri akanuna siku mbili, ukuta ukajengwa.

Ijumaa ile Tabu yuko na dekio lake, akaona alama ya chaki kwenye ukuta baina ya madarasa mawili ya chini. Fundi Cyprian, mtu wa Kimara, kapewa kazi ya kuutoa, upatikane ukumbi wa jubilei ya shule.

"Fundi, huo usiuguse. Boriti za juu zimelala hapo."

Cyprian akacheka. "Mama, wewe dekio, mie nyundo, tusiingiliane. Boriti zinapita moja kwa moja. Huo kizuizi tu."

"Umeziona?"

"Nitazionaje, na dari imepigwa mbao?"

"Basi umejuaje?"

Tabu akaenda kwa mkuu wa shule, Sista Anastasia. Naye akamjibu huku anapanga makaratasi, "Mama Tabu, fundi kasomea."

Nyumbani hapakukalika. Anakaa, anainuka. Wali ukaungua. Mjukuu wake Munira akamuuliza, "Bibi, mbona leo unatembea kama umekanyaga makaa?" Lililomsumbua lilikuwa moja tu: Jumamosi asubuhi darasa la saba husoma masomo ya ziada huko ghorofani, juu ya ukuta ule ule. Watoto arobaini na tatu.

Kesho yake akatoka mapema, kufika akakuta kachelewa. Cyprian keshatoboa tundu la kupita mtu. Juu watoto wanajibu kwa pamoja, na kwenye dari vumbi la chokaa linashuka kama unga kwenye chekeche.

Tabu hakusema na fundi. Akapanda ngazi. "Wanangu, shukeni. Taratibu, mmoja mmoja, asikimbie mtu."

Mwalimu Leonardi akang'aka, "Kwa amri ya nani?"

"Ya kwangu. Nenda kanishtaki huko chini."

Watoto wakashuka, na Sista naye akaja mbio, kakunja uso. Tabu akamwahi, "Sista, nifukuze kazi, nitakwenda. Lakini kwanza huyu ang'oe ubao mmoja tu wa dari."

Cyprian akapanda ngazi yake huku anaguna, akang'oa ubao, akamulika kwa simu. Akaisogeza huku, akaisogeza kule, mpaka Sista akamwita mara mbili.

"Zimeishia," akasema. "Za huku zimeishia, za huku zimeishia. Hapo nilipotoboa, mbili hazina cha kulalia."

Akashuka, kope zote nyeupe. "Shikamoo, mama."

"Marahaba. Kalete mirunda."

Wakazitegemeza boriti kwa miti ile, wakaziba tundu kwa mawe yale yale na chokaa, mpaka alasiri. Jubilei itafanyika uani, chini ya turubai, na Sista kaanza kulalamikia mvua ambayo bado haijanyesha. Cyprian alipitiwa na usingizi pale pale, juu ya mifuko ya chokaa. Sista akaenda kujinyoosha kabla ya sala ya jioni.

Tabu bado. Karudi kwake, jirani akibamiza mlango tu, anashtuka, macho juu. Munira akamtandikia mkeka, akamvua kandambili.

"Lala, bibi. Hapa juu ni bati tu."

Tabu akacheka kidogo, akageukia upande wa ukutani, akalala.