Uzio wa Clifford Umezidi Inchi Nne

Larkfield ni barabara fupi, nyumba kumi na nane upande huu na kumi na saba upande ule, na ukitaka kujua nani kati ya wakazi wake ana akili huna haja ya kusumbuka: wote wanazo, na wote huziandika. Kikundi chao cha mtandaoni kinaitwa Majirani wa Larkfield. Humo, kabla watu hawajanawa uso, serikali huwa imeshaangushwa mara mbili, treni zimeshapata mmiliki mpya, na bwana mmoja mwenye picha ya samaki badala ya sura yake ameshaeleza kwa nini mkate wa siku hizi hauna ladha. Ana kwa ana ni habari nyingine. Wakikutana njiani hutikisa kidevu, husema mvua inakuja, kisha kila mtu hufunga mlango wake.

Winifred Ackroyd wa namba tisa alikaa kwenye kikundi hicho miaka minne bila kuandika hata herufi moja. Alikuwa mjane wa miaka sabini na tisa, mkunga mstaafu, na nusu ya watoto wa mji ule walitua duniani mikononi mwake. Mwanawe Keith, kabla ya kuhamia Kanada, alimnunulia kishikwambi akakiwekea mambo mawili tu: picha za wajukuu na kikundi cha majirani. Alimwambia mama yake kwamba sasa hatakuwa mpweke, akapanda ndege. Winifred akawa anakisoma kikundi kila asubuhi na chai yake, kama wengine wanavyofuatilia tamthilia, na mara nyingi alicheka peke yake mpaka chai ikampalia.

Nyota wa tamthilia hiyo alikuwa Clifford Tranter, jirani yake wa namba kumi na moja, ambaye bustani yake ya nyuma ilitenganishwa na ya Winifred kwa uzio wa miti. Clifford aliuza mazulia miaka thelathini. Tangu astaafu amekuwa mtaalamu wa umeme, wa katiba, wa magari ya betri, wa bei ya siagi na wa kila jambo ambalo halimhusu. Debe tupu haliachi kuvuma, na hili lilivuma kuanzia saa kumi na mbili asubuhi.

Keith alikuwa amemtumia mama yake kitu kingine pia, spika ndogo ya mviringo ambayo ukiiambia piga simu, inapiga. Winifred aliipenda. Kisha Clifford akaandika aya kumi na moja kuthibitisha kwamba spika hizo husikiliza kila neno la ndani ya nyumba na kulipeleka zinakojua zenyewe. Winifred hakuwa na siri yoyote zaidi ya kuguna akiinuka kitini, ila maneno yalimkaa. Akaichomoa ile spika na kuitia kwenye droo pamoja na vitambaa vya meza vya Krismasi. Hilo ndilo kosa lake pekee katika hadithi hii, kwamba siku moja aliamini maoni ya mtu.

Basi Alhamisi moja ya mwezi Machi, saa mbili na nusu asubuhi, alimwaga maziwa kidogo sakafuni, akageuka kutafuta kitambaa, akayakanyaga. Alisikia mfupa kabla hajasikia maumivu. Mtu aliyekaa hospitalini miaka arobaini haulizi sauti hiyo ni ya nini. Ilikuwa nyonga.

Simu ya mezani ilikuwa ukumbini, ya mkononi ilikuwa ndani ya mkoba, na mkoba ulikuwa ghorofani. Ukumbi ulikuwa hatua sita kutoka pale, lakini alipojaribu kujivuta hata shibiri moja dunia ilizima, akarudi chini. Jiko liko nyuma ya nyumba. Aliita mpaka koo likamkauka, na majirani wa namba saba walikuwa kazini. Sakafu ilikuwa ya mawe, baridi yake ikampanda taratibu kutoka mgongoni. Alijua hesabu yake. Mzee akilala juu ya jiwe mpaka jioni, wanaomkuta huja kumbeba, hawaji kumwinua. Aliogopa, akalia kidogo, kisha akajikemea.

Juu ya meza kishikwambi kilikuwa kikilia ting, ting, ting. Majirani walikuwa wakibishana kama halmashauri imeficha vinasa sauti kwenye mapipa mapya ya taka. Winifred alizisikiliza ting hizo karibu saa nzima, watu thelathini wako macho, mmoja wao nyuma ya ukuta ule pale, na hakuna anayemsikia. Hatimaye alifikia waya wa chaji uliokuwa ukining'inia, akauvuta. Kishikwambi kikamwangukia begani, kikapata ufa pembeni, lakini kikawaka.

Alimwandikia Keith kwanza. Kanada watu walikuwa bado wamelala, na ujumbe ukakaa pale pale bila kusomwa. Fimbo ya mbali haiui nyoka. Kwa hiyo, kwa mara ya kwanza katika miaka minne, aliandika kwenye kikundi: "Nimeanguka jikoni. Nyonga imevunjika. Siwezi kuinuka. Naomba mtu aje. Winifred, namba tisa."

Tusiwaonee, walijibu upesi. Dakika haikuisha vipicha vya mioyo myekundu vikaanza kumiminika. Janine wa namba tatu aliandika kwamba anamkumbatia Bi Winnie kutoka mbali, na huo umbali ni nyumba tatu. Mmoja akauliza kama anapumua. Mwingine akasema bila shaka kuna mtu ameshapiga simu, na kila aliyesoma akaona kweli, lazima yupo. Kisha mtu akakumbuka kwamba mwaka jana mama mkwe wake aliingoja ambulensi kwa muda wa saa tisa, na hapo bwawa likapasuka. Walitaka kujua nani ameiua huduma ya afya. Mmoja akasema ni serikali iliyopita, mwingine akasema ni hii ya sasa, wa tatu akasema ni wageni, wa nne akamkumbusha kwamba aliyemfunga bandeji juzi alikuwa mgeni, na wa tano akamwambia wa nne ahamie huko huko kwa hao wageni. Kufikia jibu la ishirini na sita jina la Winifred lilikuwa limetoka kabisa. Jibu la thelathini na moja lilihusu ubaya wa chai ya hospitali.

Ndipo Clifford akaingia.

"Tahadhari kwa wote," aliandika. "Bi Winnie hajaandika humu tangu kikundi kianzishwe. Halafu tangu lini aliyevunjika nyonga akaandika sentensi zilizonyooka hivi? Akaunti imedukuliwa. Subirini, kinachofuata ataomba hela. Msijibu, msibonyeze kitu."

Alipata madole gumba kumi na tisa. Janine akaondoa kumbatio lake.

Winifred alisoma hayo akiwa amelala ubavu, shavu limegusa maziwa. Akaandika kwamba ni yeye, na kwamba Clifford aje achungulie dirishani. Clifford akajibu kwamba matapeli wote husema hivyo hivyo. Maneno makali hayavunji mfupa, wahenga wamesema, na Winifred angeweza kuwaongezea kwamba wala hayaungi.

Hofu ikamtoka, ikaingia hasira, na hasira ilikuwa na joto. Akaanza kufikiri kama mkunga. Mama aliyeshikwa na uchungu humwambii unachotaka wewe, unamwambia kitakachomfanya asukume. Na watu hawa aliwajua. Miaka minne aliwasoma kuliko walivyojisoma wenyewe. Ukiomba msaada Larkfield unaletewa maoni, kwa hiyo swali halikuwa jinsi ya kuomba. Swali lilikuwa nini huwatoa watu hawa nyumbani kwao kwa miguu yao. Alipekua kumbukumbu zake zote akapata mambo matatu: gari geni mbele ya geti lako, mbwa wa mtu kwenye majani yako, na mpaka wa kiwanja.

Kidole kilikuwa kimekufa ganzi. Aliandika pole pole: "Uzio wa Clifford umezidi inchi nne upande wangu. Nimeupima. Ramani ninayo."

Hakuna aliyejiuliza tapeli wa mbali amejuaje habari za uzio. Kikundi kizima kilinyamaza, kama darasa mwalimu akiingia. Clifford aliandika neno moja tu, uongo, na baada ya hapo hakuandika tena. Winifred akashusha pumzi na kutega sikio. Upande wa pili wa ukuta mlango ukabamizwa. Kokoto zikalia chini ya viatu.

Mlango wake wa nyuma ulikuwa wa kioo mpaka chini, na kupitia kioo hicho aliona viatu vya kahawia vikipita, juu yake suruali, kisha Clifford mzima, mkono mmoja tepu ya kupimia, mkono wa pili jalada la plastiki. Hakuitazama nyumba. Alipiga magoti penye uzio akapima. Akasogea, akapima tena. Winifred alinyoosha mkono akapata mfuniko wa sufuria, akaugonga kwenye mlango wa jiko la umeme kwa nguvu zote alizobakiza.

"Subiri, Winnie," Clifford akasema bila kugeuka. "Napima."

Aligonga tena. Akagonga tena.

"Moja na robo!" Clifford akanyanyuka, ameshikilia tepu mahali pake kwa kidole gumba kama aliyekamata mwizi. "Inchi moja na robo, Winnie, tena hayo ni matawi. Sheria haihesabu matawi, inahesabu shina. Njoo uone mwenyewe kabla hujanichafulia jina mbele za watu." Akaja mpaka kwenye mlango ili amwonyeshe kupitia kioo. Akainama, maana hakumwona mtu mahali ambapo watu husimama.

Tumpe haki yake. Alivunja kioo kwa chungu cha maua, akaingia akikanyaga vipande vya kioo, akamfunika Winifred kwa koti lake na kupiga simu. Kisha akakaa chini, kwenye maziwa, akamshika mkono. 

"Mimi nimedukuliwa, eti?" Winifred akamuuliza.

"Nyamaza, Winnie," Clifford akasema, machozi yakimtiririka. "Tafadhali nyamaza."

Baadaye, kwa sababu ni Mwingereza na hakujua la kufanya, alichemsha chai. Winifred akamwambia hawezi kunywa, ataenda kupasuliwa, basi Clifford akainywa mwenyewe, na ambulensi ilifika kabla hajaimaliza. Ilichukua dakika kumi na saba tangu ilipopigiwa simu. Kikundi kilikuwa kimebishana juu yake kwa saa moja na nusu.

Walimtia chuma kwenye nyonga na kumlaza wodi ya saba, vitanda sita. Siku ya tatu madaktari walisema ataweza kutembea tena, akijitahidi. Keith alikuwa amelia kwenye skrini na kuahidi kutafuta tiketi mambo ya kazini yakitulia. Saa za kutazama wagonjwa, vitanda vingine vitano vilizungukwa na mabinti, waume, wajukuu na zabibu. Kando ya Winifred palikuwa na kiti cha plastiki cha buluu ambacho tangu alipofika hakijakaliwa na mtu.

Alifungua kikundi. Clifford alikuwa ameandika siku ile ile aliyoanguka, aya sita. Alieleza jinsi sauti fulani moyoni ilivyomwambia nenda kamtazame jirani yako, na kwamba yeye siku zote amekuwa akisema watu wajaliane. Habari za uzio hazikuwemo. Madole gumba yalikuwa mia mbili na kumi. Janine alikuwa amemwita shujaa wetu na kurudisha kumbatio. Chini yake majibu themanini, na kufikia la kumi walikuwa wamesharudi kwa waziri wa afya. Winifred aliyasoma yote themanini. Hakuna hata mmoja aliyeuliza amelazwa wodi gani.

Ilimuuma kuliko nyonga. Kidole chake kilikwenda mpaka kwenye kitufe cha kuondoka kwenye kikundi, kikakaa hapo. Kwenye kitanda jirani mjukuu wa mtu alikuwa akilishwa zabibu. Winifred akakitazama kile kiti cha buluu kwa muda. Kisha akaondoa kidole, akaandika:

"Nimefikiria tena suala la uzio. Ni inchi nne. Clifford alipima vibaya. Nipo wodi ya saba, saa nane mpaka saa kumi."

Kesho yake, saa nane na dakika tano, alisikia viatu vikikwaruza sakafu ya ukumbi, hatua za mtu aliyeonewa. Clifford aliingia na jalada lake la plastiki kwapani, mfuko wa zabibu mkononi, na tepu ikiwa imevimbisha mfuko wa koti. Alikuwa amechana nywele.

"Inchi nne umezitoa wapi?" akasema kabla hata hajamsalimu. "Hebu niambie, Winnie, maana mimi nimeleta ramani ya mwaka wa sitini na mbili, na nimeleta barua ya wakili, na nitakueleza hatua kwa hatua."

Winifred akausogeza mto, akajiegemeza vizuri.

"Vuta kiti," akamwambia. "Anza mwanzo kabisa, na usiruke kitu."