Damu ya Selpher

Selpher Aloo, Mama Clare kwa majirani, alipata ugonjwa wa ajabu kwa mtu wa mtaa wa Baba Dogo: damu yake haikupungua. Daktari alimweleza kwamba mwili wake unatengeneza chembe za kugandisha damu kupita kiasi, na hali hiyo ni ya maisha. Ameze kidonge kidogo cha aspirini kila siku, anywe maji, atembee. Mguu mmoja ukivimba, akimbilie hospitali.

Ushauri huo uliishi siku nne, mpaka akina mama wa jumuiya ya kanisa walipokuja kumjulia hali.

Kila mmoja alileta cha kuongeza damu: maini, mboga za managu, chupa tano za juisi ya bitiruti. Mwenyekiti wao, Mama Warigia, hakusomea udaktari lakini alikuwa amezika wagonjwa wengi. Aliposikia kwamba aspirini huzuia damu kuganda, aliitia pakiti nzima mkobani. Damu tunaitafuta, mwenzetu anaichezea! Kisha akamwamuru alale, kwani mgonjwa anayetembeatembea huwaaibisha waliokuja kumwona.

Selpher, mwanamke mwenye adabu, akalala wiki nzima. Jumuiya ilikuwa imepanga zamu za kumlinda.

Jumamosi mchana shavu la mguu wake wa kushoto likavimba, likawa la moto. Mama Warigia alifurahi: damu imeanza kuingia. Akaagiza mafuta ya kuchua, akaanza sala ya kufunga kikao. Hapo mwenyeji hanyanyuki, hata nyumba ikiungua. Katika sala hiyo Waisraeli walivuka bahari, wakazunguka jangwani, wala Yordani haikuonekana.

Selpher aliutazama mguu. Bonge la damu likichomoka humo huenda mapafuni, na mapafu hayangojei amina. Akasimama.

"Mama Warigia, wewe endelea na Mungu. Mimi naenda kwa daktari."

Alipanda boda huku vigelegele vikipasuka nyuma yake: mgonjwa amesimama! Jumapili muujiza huo ulishuhudiwa kanisani. Sindano alizochomwa hospitalini kuzuia bonge lisikue hazikutajwa.

Siku ya tatu Mama Warigia alifika wodini peke yake. Akairudisha pakiti ya aspirini, akafungua chupa. Selpher alifumba macho akisubiri bitiruti. Yalikuwa maji.

"Daktari amenifokea pale mlangoni, mwenyekiti mzima," Mama Warigia akanong'ona, akimshika mkono. "Kunywa, Mama Clare, halafu tutembee kidogo. Nimeyaombea. Kwa ufupi."