Bomba la Wake wa Sajini

Shule ya usiku ndiyo iliyonitoa ujinga, nami sioni haya kulisema. Mchana nilikuwa karani wa reli hapa Nsambya. Jioni, wenzangu wakinywa pombe mtaani Kabalagala, mimi nilisoma kalkulasi, hisabati ya mistari na miteremko. Ndiyo sababu serikali ya jeshi ilipotugawia bomba moja la maji kwa safu nzima ya nyumba, Sajini Faruk aliniita mimi.

Wake zake wawili waliishi kwenye safu yetu: Acayo nyumba ya kwanza, Kavugho ya mwisho.

"Karani, wewe iko na masomo," alisema. "Weka bomba mahali hakuna bibi yangu atatembea sana. Mmoja akilalamika, buti ya gari yangu iko tupu."

Miaka ile watu walitiwa kwenye buti, nyuma penye mizigo, za magari ya wanajeshi wasionekane tena.

Nikachora. Umbali hauna hasi: uende kushoto, uende kulia, miguu huchoka vilevile. Kwa hiyo kila mke alikuwa na mstari wake, unaopanda kadiri bomba linavyokuwa mbali naye. Kazi yangu ilikuwa kumtazama mwenye safari ndefu zaidi na kuipunguza safari hiyo mpaka isipungue tena. Mwalimu alitufundisha kutafuta mahali mteremko unapokuwa sifuri. Nilitafuta mpaka penseli ikaisha. Mistari miwili ilikutana kwa kona kali, na kona haina mteremko! Lakini hapo kwenye kona ndipo palipokuwa chini kabisa: katikati ya nyumba ya kwanza na ya mwisho.

Majirani wa upande wa juu, kwa Acayo, walipiga kelele kwamba wao ndio wengi, bomba liwe kwao.

"Wengi hawahesabiwi," niliwaambia. "Wanahesabiwa wa pembeni tu."

Sajini aliukubali mchoro bila kuuliza katikati ni kwa nani, akaenda kazini Port Bell. Mafundi wakachimba, na katikati ikaangukia mlangoni pa Alum, mjane mwenye sauti laini. Sajini alirudi gizani, hakuliona bomba.

Asubuhi Acayo na Kavugho walifika na madebe yao wakati mmoja, kama hesabu ilivyotaka.

"Mke mwenza, mzee wetu bado amelala kwako?" Acayo aliuliza.

"Kwangu? Si wiki hii yote ni zamu yako?"

Mlango wa Alum ukafunguka. Sajini akatoka na mswaki mdomoni, amejifunga kanga ya maua.

Punde alikuwa kwangu na bastola, wake zake nyuma yake.

"Karani! Hamisha hii bomba!"

Nikaukunjua mchoro mbele yake. Kalkulasi haiogopi bastola.

"Afande, nikilisogeza kwa Mama Acayo, Mama Kavugho atatembea zaidi. Nikilisogeza kwa Mama Kavugho, Mama Acayo atatembea zaidi. Hakuna mahali bora kuliko hapo. Waulize wenyewe kama wanalalamika."

"Nani analalamikia bomba?" Acayo alisema. "Bomba iko sawa kabisa."

"Bomba ni nzuri sana," Kavugho akaitikia. "Inaonyesha mambo. Ila sisi miguu imechoka. Maji atateka huyu."

"Mimi? Sajini mzima?"

"Na kanga ya Alum umerudisha?" Acayo akamuuliza.

Bastola ikarudi kiunoni. Tangu siku hiyo Nsambya nzima ilimwona Sajini Faruk, magwanda yamepigwa pasi, akibeba debe kwa Acayo, kisha debe kwa Kavugho. Nilimtazama dirishani kwa fahari: hakuna upande uliomchosha kuliko mwingine.

Baadaye alipata akili. Akaanza kuyapakia madebe kwenye buti ya gari lake, buti haikuwa tupu tena, na sisi majirani tukalala usingizi.