Ombi Lililotupwa Bila Kusikilizwa

Barua ya Baraza la Rufaa za Taarifa ilikuwa ya karatasi moja tu. Fundi cherehani aliisoma kwa kufuatisha kidole, maana shule aliiachia darasa la tano. Ombi lake la mapitio lilikuwa limetupwa bila kusikilizwa, kwa kuwa halikuwa na msingi tangu mwanzo.

Alichotaka ni kitu kimoja: faili la mama yao la wodini, ajue ni nani aliyekuwa zamu siku mama alipoanguka kutoka kitandani asiinuke tena. Dada yake, muuguzi wa hospitali hiyohiyo, ndiye aliyembebea mzigo wote. Alijaza fomu, akaipeleka masijala, akarudi na habari kwamba wamekataa. Kisha akamwandikia na hilo la mapitio kwa Baraza.

Fundi alikuwa mtu wa kuona haya mbele ya watu wa ofisi, lakini safari hii alijikaza, akaenda Barazani mwenyewe. Karani wa Baraza, mzee mwenye miwani iliyofungwa uzi, alimtania kwamba wengi huja pale kumtukana, kwa hiyo mtu mnyamavu ni zawadi. Akafungua jalada.

"Sisi tunapitia pale mtu aliponyimwa, binti. Wewe hujanyimwa."

"Hospitali walikataa."

"Tuliwauliza. Hawajaona ombi lako hata siku moja. Utanyimwaje usichoomba?"

Alitoka, akaenda moja kwa moja nyumbani kwa dada yake.

Alimkuta dada anapiga pasi sare zake, akamwekea barua mbele. Dada aliisoma. Akaendelea kunyoosha mkono uleule wa sare uliokwisha kunyooka.

"Fomu ya kwanza iko wapi, dada?"

Aliichana siku ileile, akakiri kwa sauti ya chini. Alijua Baraza lingelitupa ombi la pili, maana la kwanza halikufika. Alidhani mdogo wake angechoka, yaishe.

"Zamu ilikuwa ya nani?"

Dada aliiweka pasi kando.

"Nilitoka dakika kumi tu, mdogo wangu. Dakika kumi."

Fundi alimwangalia. Kwa miezi minne alikuwa ameamini kila lililotoka kinywani humo.

Asubuhi alikwenda masijala ya hospitali peke yake, akaomba fomu, akaijaza kwa herufi kubwa kubwa kama za mtoto. Penye nafasi ya kutaja taarifa anayoitaka aliandika: saa aliyotoka muuguzi wa zamu, na saa aliyorudi.